Firigisi ya Kuku Aliyetembea

Siku barua kutoka Kasai ilipofika, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba nikiosha mavi ya kuku ndani ya karai. Mume wangu alisimama mlangoni, barua mkononi, akaniangalia mimi, akaliangalia karai, kisha akasema taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Tata na mama banakuya. Mu miezi mbili hivi. Bakifika, basikukute na hii karai."

Kazi ya karai nitaieleza, maana ndiyo habari yenyewe. Lakini kwanza niseme nilichokuwa nikikiogopa katika ujio wa wazazi wake.

Mume wangu alizaliwa Kasai. Baba yake alifanya kazi ya reli huku kwetu zamani, akarudi kwao. Mwana akaja baadaye kufanya kazi kwenye kiwanda cha kusafishia shaba, hapa Kolwezi. Mimi nimezaliwa upande wa Kasaji, na mama yangu ni Mlunda. Tulioana wakwe hawajaniona. Mahari ilikwenda, barua zilikwenda, ila macho yao yalikuwa bado. Na kwao kuna desturi: mara ya kwanza baba mkwe anapoingia nyumba ya mwanawe, mke anampikia kuku aliyemfuga kwa mkono wake mwenyewe. Kuku anawekwa mezani na viungo vyake vyote, na juu kabisa inawekwa firigisi, nzima, imepasuliwa tu kusafishwa, bila kukatwa vipande. Hiyo ni ya baba peke yake. Mwanamke haionji. Kuku akiletwa bila firigisi, ni kama mzee ameambiwa kwamba hapa yeye si baba.

Zaidi ya hapo, kule kwao palikuwa na msichana ambaye wazazi wake walikuwa bado wanamngojea mume wangu. Habari hiyo mume wangu aliniambia huku akicheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa, na bado niko hivyo, mtu wa kufumua pindo la gauni mara nne kwa sababu mshono mmoja umekwenda kando. Kusoma nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha nyimbo za kanisa na maandishi ya magunia ya unga. Anayejifunza peke yake hupata ugonjwa mmoja: hajui wengine huacha kuuliza wapi, basi anaendelea tu.

Kuku wenyewe nilipewa na mtawa wa misioni aliyekuwa akitufundisha kushona. Walikuwa vifaranga kumi na wawili weupe, wa kizungu, waliofika kwa treni ndani ya boksi lenye matundu. Alisema hao ni kuku wa nyama, si wa mayai. Wanakua upesi kiasi kwamba nitakuwa nawala kabla sijamaliza gauni langu. Kwa kasi yangu ya kushona, hilo niliamini.

Tuliishi mstari wa mwisho wa kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. Kanuni za kambi zilikataza kuku kuzurura, na mkaguzi alipita kila wiki na daftari lake akichungulia nyuma ya nyumba. Hivyo mume wangu alinijengea tundu la mbao lililoinuliwa juu ya miguu minne, chini likiwa na wavu wa waya, na chini ya wavu kipande cha bati cha kupokea uchafu. Lilikuwa tundu safi kuliko nyumba za watu wengine. Vifaranga wangu hawakuwa wamekanyaga udongo tangu watoke kwenye yai, na mimi, maskini, nilijivunia hilo.

Walikula. Niliwapa mahindi ya kupondwa, mashudu ya karanga, na ndakala wakavu, dagaa wa kwetu, niliowasaga mwenyewe. Walikula mpaka vifuko vya shingo vikavimba. Lakini hawakukua. Wiki ya nne walikuwa na miguu mirefu na vifua vyembamba kama kisu. Nikawa sipati raha. Chakula kinaingia, nakiona kwa macho yangu. Kinakwenda wapi?

Ndipo nilipoanza kazi ya karai. Asubuhi niliwapa kikombe kimoja cha mahindi, kimesawazishwa kwa kijiti. Kesho yake nilikusanya uchafu wote kwenye bati, nikauloweka, nikauosha ndani ya chujio mpaka maji yakatoka meupe. Kilichobaki nilikianika juani na kukitazama. Yalikuwa mahindi. Vipande vilevile, kingo zake bado kali kama vilivyotoka kwenye kinu. Nilikipima kile kilichobaki kwa kikombe kilekile na nikashtuka jinsi kilivyopanda. Chakula kilikuwa kinapita ndani ya kuku wangu kama msafiri wa Dilolo anayepita Kolwezi bila kushuka kwenye treni.

Hapo ndipo barua ilipofika.

Ng'ambo ya barabara, nje ya kambi, kulikuwa na nyumba za wafanyabiashara. Huko kuku walizurura watakavyo. Jirani yangu wa upande ule alikuwa mama wa makamo, mke wa muuza samaki wakavu, mwenye ulimi usiolala. Nilimkuta siku moja akisafisha kuku wake wa kienyeji, nikamwomba niangalie ndani ya firigisi.

"Unataka kuiangalia ama unataka kuikula?" akaniuliza. "Sababu ukiikula, ndevu zitaota."

"Kuangalia tu, mama."

Aliipasua kwa kisu na kuniwekea kiganjani. Nyama ilikuwa nene, ngumu, nyekundu iliyoiva. Ndani mlikuwa na mahindi yaliyosagika kama uji, na kati yake vijiwe vyeupe, vimelainika kama shanga.

"Na haya mawe?"

"Kuku hana meno," akasema. "Unazani anatafunaka na nini?"

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Jambo ambalo kila mwanamke wa ng'ambo ya barabara alilijua, mimi nilikuwa nimelitafuta wiki mbili ndani ya karai. Nilikuwa nimewafuga kuku juu ya waya na kuwanyima meno.

Mtu mwingine angechota mchanga mtoni na kumaliza. Naandika haya ili nikiri kwa nini mimi sikufanya hivyo. Vijiwe vya firigisi ile vilikuwa vya kila namna: kimoja kikubwa, kingine kidogo, kimoja cha mviringo, kingine cha pembe. Viliniudhi. Niliona kama kuku atasaga kwa mawe ya ovyo, basi kwa mawe yaliyochaguliwa atasaga zaidi. Na mawe yaliyochaguliwa yalikuwa karibu. Kando ya reli, mahali mabehewa ya madini ya shaba yanapokata kona, yalianguka mawe ya kijani, mengine yenye mistari kama maji yaliyoganda. Sote tulikua tukisikia kwamba hilo ndilo jiwe lenye nguvu za nchi hii. Wabelgiji wamevuka bahari kwa ajili yake, wakajenga reli kwa ajili yake, wakaweka kambi na king'ora cha kutuamsha. Nikajiuliza, kama jiwe hilo linavuta treni nzima, litashindwa kumnenepesha kuku?

Nilikusanya kikapu kimoja. Niliyaponda, nikayachekecha kwa wavu wa dirisha mara mbili ili yasibaki makubwa wala vumbi, nikayaosha, nikayaanika juu ya shuka. Mume wangu aliporudi kazini alisimama akatazama.

"Hata ku kiwanda habapepete hivi," akasema.

Siku za kwanza nilifurahi kupita kiasi. Kwenye karai mahindi yalipungua. Niliandika kwenye karatasi: leo nusu ya jana. Halafu uchafu ukaanza kubadilika rangi, ukawa wa kijani kama majani yaliyopondwa. Kuku wakasimama na manyoya yamevimba, macho nusu yamefumbwa. Waliacha kula. Nikaona hawana mawe ya kutosha, nikawaongezea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliwaongezea, mara mbili.

Wa kwanza alikufa saa sita mchana, mbele yangu. Nilimpasua papo hapo. Firigisi yake ilikuwa ndogo na laini kuliko ile ya jirani, na ile ngozi ya ndani, ambayo huwa ya manjano na hutoka yote kwa kuivuta, ilikuwa imepasukapasuka, nyeusi yenye kijani, imegandamana na nyama. Lakini kilichonishangaza zaidi ni mawe. Nilitegemea kukuta lundo. Nilikuta manne, membamba, yamelika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Mengine yalikuwa wapi? Kwenye karai hayakutoka, maana uchafu wao niliuosha na kuutazama kila siku.

Nilinusa. Harufu ilikuwa kali, ya uchachu. Nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu: niligusa kwa ncha ya ulimi, nikatema. Kweli, ni chachu kama ndimu.

Kwa hiyo nilichukua ndimu. Nilikamua maji yake kwenye glasi, nikatia unga wa jiwe la kijani. Likatoa mapovu madogo madogo, kama kitu kinachopumua. Kesho yake maji ya ndimu yalikuwa ya samawati. Nikajaribu kijiwe cheupe cha mtoni kwenye glasi nyingine. Hakikufanya lolote. Kilikaa pale chini kama kilivyowekwa.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na glasi mbili mbele yangu. Tumbo la kuku si kinu tu. Kabla ya kusaga, kuna ukali unaoyeyusha. Jiwe gumu linasaga na kubaki jiwe. Jiwe langu zuri, la ukubwa mmoja, lililooshwa na kuanikwa juu ya shuka, lilikuwa limeyeyuka na kuingia ndani ya damu yao.

Wawili wengine walikufa wiki ileile. Waliobaki tisa niliwaondolea mawe ya kijani na kuwapa kokoto nyeupe za mtoni, za kila namna, kama Mungu alivyozipanga. Baada ya siku chache wakaanza kula tena. Safari hii walikua kweli. Kwenye karai nilipata maganda matupu ya mahindi, laini, yamekamuliwa. Jumapili iliyotangulia ugeni tulikula mmoja, tukasikilizia matumbo yetu, hatukuugua. Firigisi yake ilikuwa na kovu dogo tu, nikajipa moyo.

Wakwe walifika kwa treni ya asubuhi. Baba mkwe alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeusi, mkimya. Kiswahili chake kilikuwa cha reli, cha zamani lakini kizima. Mama mkwe hakukijua Kiswahili. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama viganja, akasema neno moja kwa mumewe. Sikuuliza ni neno gani.

Niliwakaribisha maji, nikaenda nyuma, nikachinja kuku mkubwa kuliko wote. Nikafungua firigisi. Huyu lazima ndiye aliyekula mawe mengi kuliko wenzake. Ngozi ya ndani haikutoka. Nyama ilikuwa na shimo la kijani lenye kingo nyeusi, karibu kutokeza upande wa pili. Kumwekea baba mkwe kitu kile mezani ilikuwa haiwezekani. Kutomwekea kitu, pia haiwezekani. Kuchinja mwingine, huenda nikute kama huyo.

Nilivuka barabara na aproni yangu ya damu. Jirani alikuwa akikatakata kuku wake.

"Mama, nisaidie," nikasema, nikamweleza kwa maneno kumi.

Alinitazama, akaitazama sufuria yake. "Mi bwana yangu iko Kasaji na samaki zake. Firigisi ya leo haina mwenyewe." Akaichomoa na kunipa. "Chukua. Lakini funika na aproni, batu basikuone."

Niliipika na kuku wangu ndani ya sufuria moja. Niliiweka juu, nzima. Sahani ilikuwa nzuri. Hata mimi sikuona kasoro. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali. Baba mkwe alisali, akachukua firigisi kwa vidole, akaiuma.

Alitafuna muda mrefu. Akaiweka kando, akachukua kipande cha paja, akakitafuna pia. Kile hakikuhitaji kutafunwa, kiliachana chenyewe na mfupa. Akairudia firigisi. Kisha akajipangusa mdomo.

"Mama," akaniita, kwa heshima wanayotumia hata kwa wakwe wadogo, "hii kuku ilikufa mara ngapi?"

Mume wangu alicheka, halafu akaacha.

"Mara moja, tata."

"Nyama ni ya kuku ya kukaa. Firigisi ni ya kuku ya kutembea. Hii firigisi ilipiga mawe miaka mbili. Hii nyama haina hata miezi mine. Mi nilikula firigisi toka nilioa, mama. Namna gani?"

Nilisimama mbele ya meza na nikasema yote. Sikujua niache nini, basi sikuacha kitu: waya, karai, mavi, chujio, mawe ya kijani, kuku watatu waliokufa, ndimu, jirani. Mume wangu aliangalia dari. Mama mkwe aliweka mkono wake chini, akauliza jambo kwa Kiluba.

"Anauliza kama nyama itatuua," mume wangu akatafsiri.

"Tulikula mmoja Jumapili, mama," nikajibu. "Bado tuko."

Akatafsiriwa. Akaendelea kula.

Baba mkwe alisukuma firigisi pembeni mwa sahani. "Hii ni ya mwanaume mwingine. Siwezi kula sehemu ya mutu akiwa safari. Rudisha."

Nikavuka barabara tena, mchana kweupe, na firigisi iliyoumwa juu ya sahani, majirani wa pande zote mbili za barabara wakinitazama. Jirani yangu aliniona akaweka mikono kiunoni.

"Alijua," nikasema.

"Bale bazee ba reli banajuaka yote." Aliigeuza firigisi, akaangalia kushoto na kulia, akaitupia mdomoni yote kwa mara moja. Alitafuna akiwa amefumba macho. "Kumbe njo hii tu banatunyimaka miaka yote," akasema. "Hata haina kitu. Inakwama mu meno."

Nilicheka, na katika kucheka nikaanza kulia, naye akanifuta uso kwa kitambaa chake cha samaki.

Niliporudi, baba mkwe alikuwa amesimama dirishani. "Ile ya kweli ulitupa?"

"Hapana, tata. Iko mu kikombe, na chumvi."

"Juu ya nini uliichunga?"

Nilitamani kusema uongo wowote wa heshima. "Nilitaka niiangalie vizuri mukiisha kuenda."

Aliniambia niilete. Aliishika kwenye mwanga, akaingiza ncha ya kidole kwenye lile shimo la kijani. Alikaa nayo muda mrefu kiasi kwamba mume wangu alianza kuondoa vyombo, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya.

"Wakati wa reli," mzee akasema mwishowe, "tulipangaka karibu na lundo ya mawe ile. Mvua ikinyesha, maji yalipita mu mawe, yakaingia mu shimo, tukayanywa. Matumbo yaliuma. Tulitapika kijani. Tukasema ni bulozi. Kulikuwa mutu mumoja, hakupendaka kusema na batu. Tukasema ni yeye. Tulimufukuza na fimbo, na bibi yake, na batoto."

Mama mkwe, ambaye hakuelewa maneno, alielewa sauti, akamtazama.

"Maji ya mvua haina ukali kama ndimu," nikasema polepole, kwa sababu kweli nilikuwa nawaza. "Sijui kama ingeweza kuyeyusha, tata. Labda kidogo. Labda kule kulikuwa na kitu kingine. Sijui."

"Haujui," akasema. "Basi tutajaribu."

Walikuwa waondoke Jumamosi. Jumamosi treni ilipita, tukaisikia, na baba mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni mbele ya glasi nne: maji ya mvua, maji ya mto, ndimu, na maji ya mvua yenye ndimu kidogo, kila moja na kijiko chake cha jiwe la kijani. Alizikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. Mama mkwe alikuwa kando ya tundu, akiwapa kuku kokoto moja moja kwa vidole vyake.

"Yule muana mwanamuke wa kule Kasai," mzee akasema, bila kuinua macho kwenye glasi, "atapata bwana mwingine. Nilishaambia bwana yako. Hii ya pili, mbona haibadilike?"

Niliinama nitazame ya pili. Nilipaswa kufurahi, na najua kwamba mahali fulani ndani yangu nilifurahi. Lakini nilichokiona ni kwamba glasi ya pili nilikuwa nimeijaza kupita ya kwanza, karibu upana wa kidole, na unga wa jiwe ndani yake haukulingana na wa nyingine. Nilimwambia. Nilimwomba anisamehe, nimwage zote, nianze upya.

Akasogeza miguu yake ili nipite. "Anza," akasema.